Neno Lililobanduliwa

Khainza alikata herufi kwa kutazama mgongo wa karatasi. Wembe ulikuwa umeanza kuwa butu. Akaunoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo, akaendelea. A, M na I hazikumsumbua, maana ukizigeuza hubaki vilevile. N ndiyo iliyotaka akili. Usipoiangalia, unageuza karatasi unaikuta imekaa kinyumenyume, na karatasi nzima imeharibika.

"Mayi, bado?" binti yake Nambozo aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa amelala akitazama ukuta.

"Hii ndiyo ya mwisho. Maumivu?"

"Yanakuja, yanaondoka."

"Yanakimbizana?"

"Bado."

"Basi yaache yatembee. Lala ubavu wa kushoto, usiniitie majirani."

Kukata kwa nyuma alifundishwa Jinja, katika duka la Mhindi mmoja aliyetengeneza kadi za harusi, kabla Wahindi hawajafukuzwa. Ukikata kwa mbele, alama za penseli zinabaki usoni pa kadi na mteja anaziona. Ukikata kwa nyuma, uso unatoka safi. Duka lenyewe lilipewa mwanajeshi, naye akauza karatasi zote kwa kilo kwa wauza karanga. Sulait, aliyekuwa mpagazi wa duka, ndiye aliyeokoa bunda moja la karatasi ya dhahabu akalificha chini ya kitanda chake miaka yote hiyo. Mwezi uliopita Khainza alipanda gari mpaka Jinja, akamkuta Sulait bado yuko mtaa uleule, nyuma ya yale maduka ya zamani yenye roshani, wakagawana bunda kwa mapatano ya kirafiki.

Kadi zake zilikuwa na tabaka. Chini kabisa aliweka gamba gumu la majalada ya ofisi, yale yaliyotupwa barabarani siku watu walipopora mji wakati wa vita. Juu yake, jani la mgomba alilolichonga katika karatasi ya kijani, kwa sababu theluji hakuwahi kuiona na hakuona sababu ya kuisifu. Juu ya jani, nyota, na katikati ya nyota kidude kimoja cha kumetameta kilichotoka kwenye pindo la sari kuukuu. Chini ya nyota aliweka ganda la mgomba lililokauka, kipande kidogo tu, ili nyota iinuke na kutupa kivuli. Halafu, upande wa chini wa nyota, ikaja karatasi nyembamba ya bluu, ile ya kufungia sukari, iliyokatwa herufi na kubandikwa juu ya karatasi ya dhahabu, na dhahabu ikachungulia kwenye matundu. Nayo aliipandisha juu ya kipande kingine cha ganda la mgomba. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa wino na Nambozo, mwenye mwandiko wa shule: Mwokozi amezaliwa.

Aliipaka karatasi ya mwisho gundi ya muhogo, akaibandika, akaikagua. Alitafuta kona zilizoinuka na gundi iliyovuja. Hakuna. Akaifunga pamoja na nyingine katika kanga, kanga katika kikapu.

Kadi hizi hazikuwa za kuuza kwa pesa. Pesa ya Uganda mwaka ule wa 1980 ilikuwa kama majani makavu, unakwenda nayo sokoni kwa furushi unarudi na chumvi ya kiganja. Maximilla, Mkenya mfanyabiashara wa Bungoma aliyepita na lori mara kwa mara kwenye barabara ya Tororo, alitaka kadi za akina mama wa kanisa lake. Malipo waliyoafikiana yalikuwa miche ya sabuni, pamba na chupa ya mafuta ya taa.

Na hivyo ndivyo vitu nesi wa wodi ya wazazi alivyovitaja, tena bila kupepesa macho. Anayekuja kuzaa aje na sabuni, pamba, wembe mpya na mafuta ya taa. Asiye navyo akazalie kwake. Mtoto wa kwanza wa Nambozo alizaliwa kwake, humuhumu chumbani, mtaa wa Namatala, wiki ambayo mizinga ilisikika, na mkasi uliomkata kitovu ulioshwa kwa maji matupu. Mtoto alikaza taya, akakakamaa, akafa kabla hajapewa jina. Khainza hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alikuwa ameamua tu kwamba halitatokea tena, basi.

Wembe mpya alikuwa nao. Aliuficha asije akaugusa kwa ajili ya karatasi.

"Jioni nitakuwa nimerudi," alisema. "Ukizidiwa, muite mama wa nyumba ya pili. Lakini usisukume."

"Na nikishindwa kujizuia?"

"Nambozo, nimekwambia usisukume."

Nje, Mutwalibu alikuwa akimngoja na baiskeli. Alibeba watu na mizigo, naye alijulikana Namatala kwa kengele yake iliyolia kama mbuzi. Khainza akapanda upande, kikapu mapajani.

Walikwenda vizuri mpaka pale barabara inapoinama kabla ya kizuizi. Hapo Mutwalibu alisimama kama kawaida yake. Yeye kizuizini hapiti. Tangu vita viishe, jina lake la Kiislamu lilitosha kumweka chini juani nusu siku huku watu wakimuuliza bunduki yake iko wapi. Alizoea kushuka bondeni, akivuka kinamasi kwa njia ya wavuna mafunjo na baiskeli begani.

"Twende wote, Mama Nambozo," alisema. "Maji ni ya kifuani tu."

"Kifuani kwako. Kadi zikilowa ni uji. Mimi napita barabarani, tukutane ng'ambo."

"Hebu nionyeshe basi hizo kadi zinazoogopa maji."

Khainza alijivunia kazi yake, akafungua kanga akatoa moja. Mutwalibu aliitazama, akatabasamu, kisha tabasamu likakauka usoni. Akatazama nyuma. Akatazama kizuizi kule mbele.

"Mama. Umeandika nini hapa?"

"Maneno ya Maximilla. Ni Kiswahili cha kanisani."

"Soma."

Khainza akasoma. Na kwa mara ya kwanza akaliona neno zima, kwa mbele, mchana kweupe, kwa dhahabu: AMINI.

Alikuwa amelikata kwa nyuma siku zote hizo, herufi moja moja, akilinda N isigeuke. Aliona herufi, hakuona neno. Maximilla aliliandika bila wasiwasi, kwa sababu kwao Bungoma amini ni kusadiki tu: amini, Mwokozi amezaliwa. Lakini huku lilikuwa jina la rais Mwislamu aliyepinduliwa na vita mwaka uliopita, na miezi miwili tu iliyopita redio ilisema watu wake wamerudi na bunduki huko West Nile.

"Ya Allah," Mutwalibu alinong'ona, akiirudisha kadi kwa vidole viwili. "Wewe utatukanwa. Mimi nikikutwa karibu na kikapu hiki, mtaulizia mfupa wangu. Mimi sikukubeba. Leo sikuamka kabisa."

"Acha mchezo."

"Sichezi. Zitupe, turudi."

"Turudi na nini? Mtoto anataka kutoka leo, Mutwalibu. Haulizi nimeandika nini." Alifunga kanga, akafunga tena kwa fundo la pili. "Nenda na kinamasi chako. Ukinikuta ng'ambo, unikute. Usiponikuta, mwambie Maximilla aje anitoe, maana neno ni lake."

Akatembea, mgongo umenyooka. Miguu aliiamuru iende mwendo wa mtu anayekwenda kanisani mapema.

Kizuizi kilikuwa mapipa mawili na gogo. Askari wa Kitanzania, mmoja wa wale waliokuja kupigana wakabaki kulinda, alikaa juu ya pipa akimenya muwa kwa meno. Mkaguzi mwenyewe alikuwa Yekosofati, mtu wa kamati ya mji, mwenye koti la suti na kalamu tatu mfukoni. Watu walikuwa wamepanga mstari na vikapu vyao.

Khainza alimjua. Walitoka mteremko mmoja wa mlima, na kwa Lumasaba, lugha ya kwao, wangeyamaliza kwa maneno mawili. Lakini Yekosofati mbele ya askari alipenda kusema Kiswahili, lugha ya bunduki, ingawa yeye na lugha hiyo hawakuwa marafiki.

"Wewe mama! Leta! Nabeba nini?"

"Kadi za Krismasi, bwana."

"Fungua."

Alifungua. Yekosofati alichukua ya juu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Midomo yake ilifuata herufi.

"A. Mi. Ni." Akaruka nyuma. "Afande! Afande, kuja ona! Huyu mama nabeba Amini! Kikapu muzima, Amini kwa zahabu!"

Mstari wote wa watu ulirudi hatua nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama karibu na Khainza aliokota kuku wake akahamia upande wa pili.

Askari akashuka, muwa mkononi. Akachukua kadi, akaisoma taratibu mpaka mwisho, akacheka mpaka mate ya muwa yakamtoka.

"Amini, Mwokozi amezaliwa. Mzee, hili ni neno. Naamini, unaamini, anaamini. Hujapata kwenda kanisani wewe?"

Watu walicheka kidogo, wakanyamaza walipoona uso wa Yekosofati.

"Kwenu Tanzania ni neno," alisema, shingo ikimvimba. "Hapa Uganda ni mutu! Sisi nakula shida yake miaka nane, sasa mama nampamba na nyota? Mimi hapa nalinda mulango. Neno hii hapana pita."

"Mama, umetengeneza mwenyewe?" askari aliuliza.

"Mwenyewe, afande."

"Mikono unayo." Akamrudishia kadi, akarudi kwenye pipa. "Lakini mkaguzi ni yeye. Mimi nalinda bunduki. Malizaneni."

Khainza alimtazama. Mtu mwenye kujua ukweli na mwenye bunduki vilevile, ameketi anatafuna muwa. Alimgeukia Yekosofati.

"Bwana, nieleze vizuri nisikosee. Ni kadi zisizopita, au ni neno?"

"Nimesema nini? Neno!"

"Kadi hazina kosa?"

"Kadi ni kalatasi tu! Kalatasi napita kila siku. Neno ndiyo hapana pita!" Alisema kwa nguvu, watu wote wasikie, maana alihisi anashinda.

"Basi sawa, bwana. Asante."

Khainza aliketi chini pembeni mwa gogo, akanyoosha miguu, akaweka kadi ya kwanza gotini. Akauingiza ukucha wa kidole gumba chini ya karatasi ya bluu, pale ilipokalia ganda la mgomba, akasukuma. Gundi ya muhogo ililia kidogo, ikaachia. Neno lote likatoka zima, bluu na dhahabu. Nyota ikabaki. Jani likabaki. Chini likabaki andiko la Nambozo: Mwokozi amezaliwa.

Akainuka, akaliweka neno mkononi mwa Yekosofati.

"La kwanza hilo."

Akaketi tena. Alifanya kazi haraka, kama mtu anayechambua dagaa. Kila lilipotoka neno alinyoosha mkono bila kuinua kichwa, na Yekosofati, kwa kuwa alikuwa amesimama pale kama mpokeaji, alilipokea. Kiganja kimoja kilijaa. Akatumia cha pili. Mstari wa watu ulikuwa umesogea karibu tena, na hakuna aliyeulizia zamu yake.

"Ngoja," Yekosofati alisema. "Ngoja kwanza. Mimi nafanya nini na hii?"

"Mimi sijui, bwana. Umesema neno lisipite. Halikupita. Liko kwako."

"Tupa chini!"

"Nitupe barabarani jina la mtu yule? Litasomwa na kila apitaye. Watauliza lilitoka wapi."

Aliyecheka kwanza ni mwenye kuku. Kisha mwendesha mkokoteni akasema kwa nyuma, "Bwana Yekosofati ana Amini mikono yote miwili!" na kicheko kikapita mstari mzima mpaka kwa askari, ambaye safari hii alilazimika kuushika muwa usianguke.

"Mzee," askari aliita, "tia mfukoni. Ukae ukiamini."

Yekosofati alisimama akishikilia karatasi kifuani kama mama mwenye mtoto asiye wake. Kuzitupa hakuthubutu, kuzitia mfukoni pia hakuthubutu. Khainza alikwisha kufunga kanga. Alipolivuka gogo, Yekosofati aliacha Kiswahili, akamwambia kwa Lumasaba, polepole, kwa sauti ya nyumbani:

"Kina mama kama wewe nawajua. Hizo kadi zinakwenda kwa Wakenya, na Wakenya hawalipi kwa asante. Utarudi kwa njia hii hii. Nitaona umebeba nini. Sabuni ya Kenya ni magendo, chumvi ni magendo, mafuta ni magendo. Siku hiyo hatutacheka."

Khainza alikaza mwendo. Hilo lilikuwa kweli, na alilijua tangu asubuhi.

Mutwalibu alimkuta ng'ambo, naye amelowa mpaka kwapani, akakamua suruali yake huku akimkamua kwa maswali. Khainza alimwambia akanyage pedali kwanza, hadithi baadaye. Soko la Busiu, walikoahidiana na Maximilla, walilikuta limejaa mahindi na ndizi na watu wanaongojea magari, na lori la Maximilla lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kinu. Joash, dereva wake, alikuwa tayari kwenye usukani.

"Mama Nambozo! Nilisema umekufa!" Maximilla aliita kutoka juu ya magunia. Alikuwa mnene, mchangamfu, na macho ya mizani. Alichukua kadi, akaipeleka kwenye mwanga. "Hii nyota ni tamu sana. Sasa, neno langu liko wapi? Hapa naona kidonda tu."

"Neno lako limekamatwa."

Khainza akamweleza. Maximilla alishika mdomo, akacheka, akaacha kucheka, akasema "Woi" mara kadhaa. Kisha biashara ikamrudia.

"Pole, dada, kweli pole. Lakini mimi akina mama nitawaambia nini? Kadi iko na kovu katikati."

"Waambie zimetoka Uganda. Wataelewa."

"Nitatoa sabuni na pamba. Mafuta nibaki nayo."

"Neno uliandika wewe," Khainza alisema. "Mimi nilikata ulichoandika. Uliponipa neno lile hukuniuliza nitapita nalo wapi. Mafuta yatoke, ama kadi zirudi kwenye kikapu. Binti yangu hazai gizani kwa sababu ya kitenzi."

Joash aliwasha injini. "Maximilla, mpe mama mafuta yake twende. Mvua iko Malaba mpakani."

"Wewe nawe unajua bei ya mafuta?"

"Najua bei ya kukwama kwenye matope."

Maximilla alifyonya. Akamimina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, akaishia shingoni, akaitazama, akaongeza kidogo. Akaiziba kwa gunzi la hindi. Sabuni ilikuwa ya miche mirefu, ya bluu, na Khainza aliushika kila mche kwa mikono miwili akiukagua kama haukukatwa ncha. Yote ilikuwa mizima. Aliinusa pamba. Ilikuwa kavu.

Lori lilipoondoka, alimgeukia Mutwalibu.

"Sabuni ikilowa inafanya nini?"

"Inatoa povu," Mutwalibu alisema, akaelewa, akakuna kichwa. "Mama Nambozo, nikikamatwa na magendo na jina hili langu..."

"Najua. Mche mmoja ni wako. Wa mke wako, siyo wako. Pamba uifunge kichwani isilowe. Sitakulazimisha."

Mutwalibu aliitazama barabara, akalitazama bonde, ambako mafunjo yalikuwa yakianza kuwa meusi kwa wingu. "Nikifika kwako nimpe nani?"

"Mpe Nambozo mwenyewe. Kisha mpakie, umsukume mpaka wodini. Usimpandishe kilima kwa pupa. Mimi nitawafuata."

"Na wewe unapita wapi?"

"Pale pale. Anayengoja akikosa mtu wa kumngoja, ataanza kutazama bondeni."

Alikifunga kikapu kwa kanga kama alivyokuja nacho, ndani ganda la ndizi aliyokula njiani na si kitu kingine. Mutwalibu akampakia mpaka ukingo wa bonde, wakaachana hapo, naye akatembea.

Kizuizini mstari ulikuwa umepungua. Askari alikuwa amesinzia juu ya pipa. Yekosofati alimwona kwa mbali, akafunga kifungo cha koti.

"Weka chini."

Aliweka. Yekosofati alifungua kanga, akaipekua, akaitingisha. Akakishika kikapu akakipindua. Ganda la ndizi likaanguka kiatuni pake. Akaupitisha mkono ndani, akabonyeza kitako cha kikapu kutafuta kitako cha pili.

"Umelipwa nini?"

"Nimeambiwa pole."

"Pole ya Mkenya haina harufu." Akamshika kifundo cha mkono, akakiinua mpaka puani, akavuta pumzi. "Mikono yako inanuka sabuni."

Kule bondeni, nyuma ya mgongo wa Yekosofati, mafunjo yaliyumba mahali pamoja, yakatulia, yakayumba mbele kidogo. Nambozo alikuwa amelala ubavu wa kushoto akitazama ukuta, au hakuwa amelala tena. Khainza hakulitazama bonde.

"Nilisalimiana na Maximilla," alisema. "Wao huko bado wanaoga."

Yekosofati aliuachia mkono. Akaanza kugeuza kichwa, kama mtu aliyesikia maji.

"Bwana," Khainza alisema, akakirudisha kikapu mikononi mwake, akaikunjua na kanga upya, pindo kwa pindo. "Hukutazama vizuri. Pindo hili limeshonwa mara mbili. Na nywele zangu hukuzikagua, na viatu. Anza tena polepole. Mimi sina haraka."